Kijiji Nilichoachiwa

Novemba 9, 2008, Itigi

Klara amerudi chuoni Dar leo kwa treni. Nilimsindikiza stesheni, na kama kawaida watu wakawa wananiuliza mimi treni imefika wapi. Mimi si wa reli tena. Tulipunguzwa mwaka jana, mimi na wenzangu, baada ya maisha yangu yote ya kupanga treni zipishane, lakini Itigi nzima bado inaniita Mzee Stesheni. Nikawajibu imeshaacha stesheni ya Kazikazi. Nilikuwa nakisia tu.

Kabla hajapanda, binti yangu ameniachia kitu cha ajabu. Ameniachia kijiji. Si kijiji cha kweli, ni cha kwenye kompyuta, katika mchezo wanaocheza watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti, mmoja yuko Arusha, mwingine Mombasa, mwingine sijui wapi. Jina lake ni la Kizungu, refu, wenyewe wanauita Vilima. Kila mtu anapewa kilima chake, anajenga, analima, anafuga, na wenzake wakipata nafasi wanakuja kumwibia. Klara ana mitihani. Anasema kijiji hakisimami hata ukizima kompyuta. Nafaka inaendelea kuiva na adui anaendelea kutembea, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuangalia.

"Baba, nitunzie tu mpaka Januari," alisema. "Upite kwa Redempta mara moja kwa siku."

Redempta ndiye mwenye steshenari karibu na soko, ana kompyuta mbili na jenereta linalokohoa. Hataki nimlipe, mradi jenereta nimtengenezee mimi. Nimekubali, maana mtoto akikuachia kitu unakitunza. Lakini mchezo wenyewe ni upuuzi.

Novemba 10

Nimepita kwa Redempta. Kijiji kipo. Kina ng'ombe wengi kuliko mimi.

Novemba 17

Mvua hakuna. Mke wangu Severina anafyeka shamba na kunisema. Nimepita, nimeongeza ghala.

Novemba 26

Wamekiibia. Nimefika asubuhi nikakuta ghala jeupe na zizi limebaki na ndama. Mtu mmoja wa kundi linalojiita Nyoka alikuja wakati mimi nimekaa nyumbani nakunywa uji. Nilimwandikia ujumbe wa kumwuliza yeye ni mtoto wa nani na kama wazazi wake wanajua. Akanijibu kwa herufi tatu ambazo Redempta amekataa kunieleza maana yake.

Sikupendezwa. Nimeachiwa mali na mtoto, na wiki ya tatu tu imeshaliwa. Klara akirudi nimwambie nini? Nimekaa pale mpaka mafuta ya jenereta yakaisha, nikajenga ukuta. Niliporudi Severina aliuliza nilikuwa wapi. Nikamwambia nilikuwa najenga. Alitazama mikono yangu.

Desemba 5

Mvua ya kwanza. Nzuri, imeingia ardhini. Severina alitoka na jembe alfajiri. Nilisema nitamfuata nikishapita kwa Redempta, na nilimfuata, ila tulikutana njiani yeye akiwa anarudi.

Desemba 14

Nimejiunga na kundi. Mtu peke yake hawezi, atalimwa kila siku. Letu linaitwa Wazalendo, na mkubwa wake ni kijana wa Arusha anayejiita Jemedari. Kuna ukurasa ambapo wote tunaandikiana kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe! Mtu anaingia hasalimu, anaanza tu, oya nani ana nafaka. Hodi hakuna, shikamoo hakuna.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu niliandika kwamba mimi nina miaka hamsini na sita, nimewazaa wengi wao, na asiyenisalimu asitegemee punje kutoka kwenye ghala langu. Kisha mmoja, Radi, jirani yangu wa kilima cha pili, akaandika "shikamoo mzee". Wakafuata wote, hata Jemedari. Nimeitikia marahaba moja moja, na imenichukua muda mrefu kwa sababu naandika kwa kidole kimoja.

Nimefurahi. Tangu nitoke reli hakuna watu wengi kiasi hicho walionisalimu kwa mkupuo.

Desemba 25

Krismasi. Redempta amefunga. Siku ndefu.

Januari 6, 2009

Klara amepiga simu, mitihani imekwisha. Nikamwambia kijiji chake kimenenepa, aje akichukue. Akasema, "Kaa nacho kidogo, Baba, niko busy." Nilijifanya nimechukia, kumbe moyoni nilishukuru Mungu.

Sababu ni hii. Juzi Wazalendo walivamia Nyoka ovyo ovyo, huyu kafika leo, yule kesho, wakapigwa mmoja mmoja kama kuku. Mimi nikawaambia jeshi ni treni. Huitoi tu kwa sababu iko tayari, unaitoa ili ifike wakati mwenzake naye anafika. Nimewapangia ratiba, kilima kwa kilima, nani aondoke lini. Jana walifika wote kwa pamoja na Nyoka hawakujua wameguswa na nini. Jemedari ameandika kwamba bila Mzee Stesheni kundi lisingekuwepo. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Januari 11

Palizi. Mgongo. Sikwenda shamba mchana.

Januari 18

Kondakta wa basi la Mitundu ameniletea salamu za rafiki yangu Mughwai. Anasema majani kule yameota vibaya, mvua zimepita pembeni, na ng'ombe wangu mmoja hali vizuri. Niende nikamwone.

Ng'ombe wangu wako kwa Mughwai miaka yote. Kwetu Unyaturu mtu mwenye akili haweki mifugo yake yote mahali pamoja, maana ugonjwa au ukame ukija unamwacha na fimbo mkononi. Unawapeleka kwa rafiki. Yeye anakunywa maziwa, mbolea inabaki shambani kwake, na ng'ombe wanabaki wako, na ndama wao wako. Hamwandikishani. Mlezi haambiwi "utanirudishia", kwa sababu kuambiwa ni matusi. Kitu kimoja tu mwenye mali anatakiwa kukifanya, aende kuwaona. Anakaa siku mbili, anawatazama wakiingia zizini, anamsifia mlezi. Ukiacha kwenda unakuwa umemfanya rafiki yako mchungaji wako.

Mimi na Mughwai tulichunga pamoja tukiwa watoto, tukatahiriwa msimu mmoja. Yeye alihamia Mitundu kufuata malisho, na sasa ni tajiri, ana kundi ambalo likipita njiani unakaa chini usubiri, na ana sauti inayosikika kabla hajafika. Mimi nilienda reli. Hatujawahi kugombana, na si kwa sababu yeye ni mpole.

Nimemjibu kwamba nakuja wiki ijayo.

Januari 27

Sijaenda. Nyoka wamejipanga upya.

Februari 4

Kondakta ameuliza tena. Nimesema wiki ijayo. Alinitazama kama mtu anayeonyeshwa tiketi ya uongo.

Februari 10

Leo nimetukanwa na dunia nzima.

Nilijua Nyoka wanakuja kwangu, niliwaona njiani, wengi kuliko ukuta wangu. Sasa mtu mzima anafanya nini? Nilifanya kile ambacho baba yangu angefanya. Nilitoa ng'ombe wote wa kijiji na nusu ya nafaka nikapeleka kwa Radi, kilima cha pili, mwenzangu wa kundi, yule aliyekuwa wa kwanza kunipa shikamoo. Nyoka walifika wakakuta zizi tupu, wakaondoka mikono mitupu. Nilicheka peke yangu mpaka Redempta akaja kuona.

Leo asubuhi nikamwandikia Radi, kwa adabu, nikamwuliza ng'ombe wameshindaje. Akajibu, "Asante kwa zawadi mzee, nimefanyia sherehe askari." Amewachinja. Wote. Katika mchezo huu ukichinja ng'ombe askari wanapata nguvu, naye amewachinja wote kwa siku moja, hata mitamba.

Nilimweleza kwamba ile haikuwa zawadi. Akauliza mbona sikusema. Kusema! Nimwambie mtu usinile? Nikalipeleka kwa Jemedari, nikitegemea atamwadhibu. Jemedari akaandika, "Mzee pole, ila game ni game. Kilichotumwa kimetumwa." Wakaanza kucheka pale ukurasani, na vile vikatuni vya kucheka vikajaa mpaka chini. Mmoja akasema ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Sijui alikuwa na maana gani lakini limeniuma.

Nimewaambia sitarudi tena. Nimezima kompyuta bila kufuata utaratibu, Redempta akalalamika.

Februari 11

Sikwenda. Nimepalilia alizeti na Severina mpaka jua linazama. Jioni alinipikia ugali wa mtama na mlenda, akanimiminia na maziwa.

Februari 12

Sikwenda.

Februari 13

Nimekwenda kumwangalizia Redempta jenereta. Kwa kuwa nilikuwa pale, nimetazama.

Februari 20

Nawachukia. Wote, kuanzia Jemedari. Nakaa pale nikiwa nimekunja uso, nasoma upuuzi wao, na nikitoka nawaza tu nitamfanya nini Radi. Nikiwa shambani nawaza Radi. Kanisani mchungaji alisoma habari za kusamehe mara sabini mara saba, mimi nikawa nahesabu askari. Mchezo haunifurahishi hata kidogo siku hizi. Zamani nilikwenda kwa sababu nilipenda. Sasa nakwenda kwa sababu nikikaa nyumbani kidole kinawasha.

Severina anasema nimekuwa na sura ya wakati ule walipotupunguza.

Machi 2

Wengi wamekuja upande wangu. Radi amewala wengine pia. Jemedari amekubali Radi aondolewe kundini, na mimi ndiye wa kupanga ratiba ya kumpiga.

Machi 7

Mvua kubwa. Mto umekata barabara ya Mitundu, kwa hiyo hata ningetaka kwenda nisingeweza. Nimeandika hivyo na nimejisikia nafuu, jambo ambalo halinipendezi.

Machi 12

Naandika nikiwa na hasira, na leo hasira yenyewe haina pa kwenda isipokuwa kurudi kwangu.

Ilikuwa ndiyo siku ya Radi. Vilima saba viliachia majeshi kwa ratiba yangu, na kazi yangu ilikuwa kukaa pale na kuachia la kwangu mwisho, bila kukosea. Nilikuwa nimekodolea kioo. Redempta akaja akaniambia, "Mzee, una mgeni nje."

Nikageuka. Mughwai amesimama barazani na koti lake kubwa, matope mpaka magotini, na begani ana gunia. Nilijua kilichomo. Mtu yeyote wa kwetu angejua. Ng'ombe wa kuachiwa akifa, mlezi anaileta ngozi yake kwa mwenye mali. Wawili wanaikunjua pamoja, mwenye mali anaipapasa, anatazama sikio kama ni alama yake, kisha anamwambia mlezi pole. Basi. Hapo mlezi anakuwa safi na mambo yanaendelea. Kumwacha mlezi amesimama na ngozi mkononi ni kumwambia mbele za watu kwamba huyo ng'ombe amemla mwenyewe.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nikasema, bila kuinuka kwenye kiti, "Subiri kidogo, Mughwai. Namalizia kazi."

Alisubiri. Redempta alimpa benchi na soda, soda akaikataa. Baadaye aliingia ndani akasimama nyuma yangu na gunia lake, na harufu ya ngozi mbichi ikajaa chumba chote, Redempta akafungua dirisha. Mughwai ambaye sauti yake ikija sokoni watu wanageuka, aliongea taratibu kabisa.

"Hii ndiyo kazi?"

"Dakika moja tu," nikamwambia.

Akatoka. Mimi nikaachia jeshi langu. Yakafika yote kwa pamoja, na kilima cha Radi kikafutika, na ukurasa ukajaa shikamoo mzee, shikamoo mzee, heko mzee. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya hapa. Ilikuwa tamu kwa muda wa kuinuka kwenye kiti na kufika mlangoni. Kwenye benchi palikuwa na gunia peke yake. Redempta alisema basi la Mitundu lilipiga honi na mzee yule akapanda. Watu waliokuwa barazani walikuwa wanatazama viatu vyao.

Nimelibeba gunia mpaka nyumbani. Severina alilichukua, akaitandaza ngozi uani peke yake, akapiga magoti akatafuta sikio. "Ni yule mwekundu," alisema. Kisha akaniambia neno ambalo ninaliandika kama alivyolisema, ili nisije nikalipunguza siku za mbele.

"Ng'ombe wa kwenye kioo uliwalilia mwezi mzima. Huyu hata hujamfunua."

Machi 13

Nimemtuma kondakta ampelekee Mughwai salamu za pole.

Machi 15

Kondakta amerudi. Anasema Mughwai alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru yeye kondakta kwa taabu, akaingia ndani.

Machi 22

Barabara inapitika tangu siku ile alipokuja Mughwai. Sasa sina mto wa kusingizia. Nina vita vya mwisho. Msimu wa mchezo unakwisha katikati ya Aprili, na kundi litakaloshika Kilima Kikuu ndilo mshindi, na Wazalendo wamenikabidhi ratiba yote. Nimesema nikimaliza hapo tu naenda Mitundu. Severina siku hizi nikisema hivyo anaendelea na anachofanya.

Nadhani naogopa. Ni rahisi zaidi kupanga vita na watu elfu ambao sitawaona kuliko kumwendea mmoja ambaye ananijua.

Machi 29

Nimempigia Klara. Nimemwambia aje achukue kijiji chake, nimechoka, kimenivunjia heshima. Akacheka. "Baba, bado unacheza? Mimi ule nilishauacha tangu Desemba. Kifute tu."

Kifute! Nimekilinda mvua nzima. Nimekosana na watu kwa ajili yake. Nilitaka nimrudishie na ghala limejaa, aone baba yake ni mlezi wa aina gani, naye anasema kifute, kama mtu anayekwambia mwaga maji ya kunawa. Nilikata simu. Kisha nikakaa pale kwenye kigoda, nikafikiria kwamba mwenye mali asiyekuja kuitazama mali yake ndivyo anavyosikika kwa aliyeachiwa. Sikutaka kufikiria hilo. Nikaenda kwa Redempta.

Aprili 3

Uwele umekomaa. Ndege. Severina anashinda shamba akipiga debe kuwafukuza, mimi nilishika zamu asubuhi tu.

Aprili 16

Tumeshinda. Kilima Kikuu ni chetu, ratiba haikuchelewa hata treni moja. Jemedari ameandika jina langu juu kabisa, Mzee Stesheni wa Itigi, na kuna picha ya taji. Redempta alinipigia makofi na wateja wake wa fotokopi wakapiga nao bila kujua kwa nini. Nikatoka pale kifua mbele, nikapita sokoni natembea katikati ya barabara.

Nikasikia ng'ombe kabla sijafika kwangu. Nyumba yangu ni ya kona ya mji, uani kwangu kuna mkaa, kamba ya nguo na kuku. Leo uani kulikuwa na ng'ombe. Ng'ombe wangu, wote, na ndama wao, wamebanana mpaka kwenye mlango wa jiko, mmoja ametafuna kanga ya Severina. Amewaleta mpwa wa Mughwai, Sixbert. Severina alimletea maji ya kunywa akakataa. Akaniamkia vizuri, shikamoo baba, kisha akasema alivyotumwa.

"Mjomba anasema ng'ombe zako hizi hapa, hajala hata mmoja. Anasema msalimiane mkikutana."

Mkikutana. Hivyo ndivyo wanavyoambiana watu wasiojuana.

Sijawahi kusikia mtu wa kwetu amerudishiwa ng'ombe wote wakiwa hai na mwenyewe akiwa hajaomba. Wakifa unapewa ngozi. Ukiwa na mahari au msiba unaomba unapewa. Lakini kuletewa wote mlangoni ni talaka ya wanaume, na kijana amewapitisha katikati ya soko ili kila mtu aone. Nimekaa kwenye kigoda katikati ya ng'ombe, taji langu limebaki kwa Redempta. Nililia. Severina aliniona, akaingia ndani akaniacha nilie.

Aprili 17

Wamevunja uzio wa jirani Yeremia wakamaliza mchicha wake. Majani hapa hakuna. Maji nimebeba mimi mpaka mchana na bado wananitazama.

Aprili 18

Nilikwenda kuangalia. Hakuna kitu. Hakuna kilima, hakuna ghala, hakuna jina langu. Ukurasa ni mweupe na sentensi moja ya Kizungu kwamba msimu umekwisha na mpya utafunguliwa Mei, wote waanze na kilima kitupu. Nilimwuliza Redempta vimekwenda wapi. Akasema ndivyo ulivyo, Mzee, kila msimu wanafuta. Kumbe Klara alijua. Wote walijua.

Jemedari amenitumia ujumbe kwenye simu ya Redempta kwamba Mei wananihitaji. Na mimi nataka kurudi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hasira yangu yote juu ya mchezo ule haijanipunguzia hamu yake hata tone.

Aprili 19

Sokoni mwanamke mmoja anayeuza asali ameniuliza, kwa huruma kabisa, "Mzee Stesheni, mmeachana na Mughwai?" Nimenunua asali yake ambayo sikuihitaji.

Yeremia anataka nimlipie mchicha. Mchungaji amependekeza niwauze ng'ombe, kuna wanunuzi wanapita Manyoni. Severina alinisikiliza nikirudia hayo yote, kisha akasema, "Ng'ombe hawajui kwamba mmegombana. Warudishe."

Nikamwambia Mughwai atawafukuza na mimi pamoja nao.

"Basi utafukuzwa ukiwa umefika," akasema.

Aprili 23, boma la Mughwai, upande wa Mitundu

Nilidhani nitawaswaga. Sijachunga tangu ujana, nilikata fimbo mpya, nikavaa buti langu la reli, na tulipotoka nje ya mji nikawa napiga kelele na kukimbia huku na huku kama kichaa. Baada ya muda nikaona hakuna anayenisikiliza na hakuna anayepotea. Walikuwa wanajua njia. Jike jeusi lilishika mbele likaingia kwenye kichaka cha Itigi kwa vijia ambavyo mimi sikuviona, wengine wakafuata, na mimi nikawa wa mwisho. Usiku tulipokewa na mfugaji mmoja njiani, nikamweleza tunakoenda. Alisema wale ni ng'ombe wa Mughwai, anawajua. Sikumsahihisha.

Leo kabla ya mchana walianza kutembea haraka, kisha wakakimbia, na nilipofika boma la Mughwai nikiwa nahema wao walikuwa wameshafika langoni wanalia. Mughwai alitoka. Hakunitazama. Aliondoa miiba, wakaingia mmoja mmoja, akawa anawagusa mgongoni wakipita, akarudisha miiba. Mimi nikabaki nje.

Nikamsalimu. Akaitikia, maana hiyo huwezi kumnyima mtu. Kisha akasema, "Hao wamefika kwao. Wewe umefika kwa nani?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa na maelezo marefu kuhusu Klara na mitihani. Nikasema, "Nimekuja kukupa pole ya ngozi."

"Pole hiyo ilikuwa ya Machi," akasema, akaenda zake.

Mkewe alitoka na kigoda. Mughwai akamwambia neno moja kwa Kinyaturu, akakirudisha ndani. Nikakaa chini. Jua kali, njaa, miguu imevimba ndani ya buti, na hakuna aliyeniambia niondoke wala nikae. Nikatoa daftari nikaanza kuandika ili mikono iwe na kazi. Mughwai alikuwa anajaza maji kwenye birika la mifugo, ndoo mbili, kutoka kisimani mpaka zizini, na sasa ana vinywa vya kuongezea, vile nilivyomletea. Amenipita akienda. Amenipita akirudi. Nimezoea watu wanaonitukana kwa herufi tatu, lakini kupitwa hivyo sijawahi.

Alipoweka ndoo chini ili asukume ng'ombe pembeni, niliinuka nikachukua moja, nikashika njia ya kisimani. Nilisubiri asikike nyuma yangu akiniambia niiweke chini. Mughwai akitaka kukwambia kitu, wewe na kijiji kizima mtakisikia.

Hajasema. Tumeshakwenda na kurudi mara kadhaa, yeye mbele na mimi nyuma, na nimeandika mistari hii ya mwisho nikiwa nangojea maji yajae tena kisimani. Ndoo yenyewe aliyoniachia inavuja, na birika halijafika hata nusu.